Neno "Mfanyabiashara"

Kuna wasifu wa marehemu ambao niliuandika mimi mwenyewe, ukasomwa kanisani, na ndani yake mna neno moja ambalo hadi leo linanikaa vibaya. Neno lenyewe ni "mfanyabiashara". Shangazi yangu hakuwa mfanyabiashara. Alifanya kazi ya baa zaidi ya miaka ishirini, kwanza akipeleka chupa mezani, halafu nyuma ya kaunta, na mwishowe akisimamia wasichana wengine kwenye baa ya mtu. Karo yangu ya sekondari ilitoka hapo. Ya binamu zangu wawili pia. Kamati ya mazishi ilipoketi, mzee mmoja akasema, "Weka tu mfanyabiashara, usituaibishe," nami nikaweka. Hata sikubisha. Niliona nimemstiri.

Sikulifikiria tena jambo hilo hadi usiku mmoja nilipotazama filamu ya Kijapani ya mwaka wa 1960, nyeusi na nyeupe, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Mwanamke Anapopanda Ngazi. Aliyeiongoza ni Mikio Naruse. Wapenzi wa sinema humjua Kurosawa na masamurai wake, wakijitahidi sana wanamjua Ozu, na Naruse anabaki pale nyuma kama yule mtoto wa tatu ambaye hasumbui mtu. Lakini hakuna mwongozaji ninayemjua aliyeandika hesabu za pesa kwenye filamu kama huyu jamaa. Kwenye filamu zake watu hawafi kwa upanga. Wanakufa kwa madeni.

Mhusika mkuu anaitwa Keiko. Ni mjane wa miaka thelathini, anayesimamia wasichana kwenye baa moja ya Ginza, mtaa wa starehe wa Tokyo ambapo wakubwa wa makampuni walikuwa wakienda jioni kunywa kwa bili za ofisi. Wote pale baa wanamwita "Mama". Hilo lilinishtua kidogo, kwa sababu hata shangazi wateja wake walimwita hivyo hivyo, wanaume wenye umri wa kumzaa. Baa yenyewe iko ghorofani. Kila jioni Keiko anasimama chini ya ngazi, amevaa kimono, na tunaiona miguu yake ikianza kupanda. Sauti yake inatuambia kwamba hakuna kitu anachochukia kama zile ngazi, lakini akishafika juu, basi, siku itakwenda itakavyokwenda. Naruse anaturudishia picha hiyo tena na tena, na kila mara Keiko amebeba jambo jingine kifuani.

Wengi wakisikia "mwanamke wa baa" wanaruka moja kwa moja kwenye ukahaba, kwa hiyo nitafafanua hapa. Japani ilipitisha sheria ya kuzuia ukahaba mwaka wa 1956, na adhabu zake zikaanza kutumika 1958, miaka miwili tu kabla ya filamu hii. Kazi ya Keiko si hiyo. Kazi yake ni kuketi na wateja, kuwamiminia vinywaji, kucheka vichekesho vyao, kukumbuka nani mkewe mgonjwa na nani amepandishwa cheo. Anauza kule kuhisi kwamba kuna mtu amefurahi kukuona. Lakini kila mteja anatumaini kwamba kuna kingine nyuma ya hicho, na baa inaishi kwa tumaini hilo. Ukilizima kabisa, mteja anahamia baa ya jirani. Ukilitimiza, umekwisha, maana kesho hana la kufuata. Kwa hiyo Keiko analipwa ili asiseme ndiyo na asiseme hapana, kila usiku, kwa miaka.

Na pesa? Hapo ndipo Naruse anapokuwa mkali. Keiko anaishi kwenye nyumba nzuri, anavaa kimono za bei, anapaka manukato ya maana. Mama yake mzazi anamlaumu kwa ubadhirifu huo. Keiko hana jinsi, kwa sababu mteja wa Ginza haji kuketi na mwanamke anayefanana na shida zake. Lile vazi ni kifaa cha kazi kama panga la mkulima. Halafu mama huyo huyo anayemlaumu ndiye anayengojea hela za mwezi. Kuna kaka pia, ambaye ana kesi na anataka pesa za wakili, na ana mtoto mwenye polio anayehitaji upasuaji. Keiko anakasirika, anawaambia ukweli wao, halafu anatoa. Ukiwa mtu wa Nairobi ambaye simu yake hulia tarehe mosi kabla mshahara haujatulia kwenye akaunti, sina haja ya kukuchorea hiyo picha.

Filamu inamwekea Keiko njia mbili. Mwanamke wa kazi ile akifika thelathini, ama aolewe ama afungue baa yake. Kufungua baa kunahitaji mtaji, na wenye mtaji ni wateja. Anazunguka na daftari la michango, anawapitia wakubwa mmoja mmoja wajiandikishe. (Ndiyo, ni harambee. Niliposimamisha filamu nikacheka peke yangu, ni hapo.) Mmoja yuko tayari kumpa pesa yote kwa mpigo, mzee tajiri anayeitwa Goda. Bei yake haisemwi na hakuna asiyeijua. Keiko anakataa. Baadaye Junko, msichana mdogo aliyekuwa chini yake, anaikubali ofa ya namna ile ile kutoka kwa mzee yule yule, bila kulia wala kujieleza, na anapata baa.

Nilipomaliza kutazama nilimsimulia rafiki yangu mmoja hadithi yote, naye akasema kile ambacho sisi wote husema: "Lakini si alichagua mwenyewe? Mbona Junko ametoboa?"

Sentensi hiyo imenisumbua kuliko filamu yenyewe. Kwa sababu ni kweli, alichagua. Hakuna aliyemfungia Keiko mlango. Hakuna mume mkali, hakuna baba mwenye fimbo, hakuna sheria inayomkataza kitu. Angeweza kuacha kazi kesho asubuhi. Kila siku kwenye filamu anafanya uamuzi, tena kwa akili timamu, na kila uamuzi ukiutazama peke yake una maana. Lipa karo ya fulani. Nunua kimono. Kataa huyu mzee. Tabasamu. Ukiyajumlisha yote, ni chumba kisicho na mlango. Sasa tukisema "alichagua", tunasema nini hasa? Naona mara nyingi hatuelezi jambo lolote kumhusu yeye. Tunajitoa sisi. Neno "alichagua" ni risiti: tunamkabidhi mtu ili baadaye asije kutudai. Wale waliokula jasho la mikono yake ndio wanaolipenda zaidi, na nasema hivyo nikijua karo yangu ilitoka wapi.

Lakini kuna jambo moja ambalo Keiko alichagua bila kusukumwa na bili yoyote. Mumewe alipofariki, aliandika barua ya kuahidi kwamba hatampenda mwanamume mwingine, akaiweka ndani ya chombo cha majivu ya marehemu. Hakuna mtu aliyemtaka afanye hivyo. Ni ahadi ambayo aliyeahidiwa hawezi kuidai. Mimi si mtu wa kuvutiwa na ahadi za namna hiyo, naona kama mtu kujizika akiwa hai, lakini ilikuwa yake.

Tazama sasa inavyomtoka mikononi. Hadithi ya ile barua inajulikana, na kujulikana kwake kunamfanya awe bora zaidi kazini. Mwanamke wa baa aliye safi! Wateja wanamtaka zaidi kwa sababu hapatikani. Na kuna Komatsu, meneja wa baa, kijana mwenye macho makali (ni Tatsuya Nakadai, ukimwona utamtambua), ambaye anamheshimu Keiko kama mtu anavyoheshimu madhabahu. Komatsu huyu huyu analala na Junko na wala haoni kwamba kuna tatizo. Junko ni wa kazi ile, Keiko ni wa kuheshimiwa. Amewagawa wanawake wawili wanaofanya kazi moja kwenye chumba kimoja.

Kiswahili kina namna yake ya kulisema jambo hili. Heshima, mtu hupewa. Huwekewa. Na ikiondoka, hatusemi imekupotea kama pochi, tunasema umevunjiwa. Siku zote kuna mtu wa pili kwenye sentensi. Huyo wa pili ndiye mwenye mali, wewe umekopeshwa tu, na masharti ya mkopo hayakuandikwa popote. Utayajua siku utakayoyavunja.

Siku ya Keiko inafika hivi. Kuna mteja mmoja, Sekine, mnene, mpole, mtu wa kuchekesha, ambaye anamchumbia. Si mwanamume ambaye Keiko angemwota. Lakini ni mwema, na Keiko amechoka, amewahi kutapika damu kwa vidonda vya tumbo, na anaamua kwamba wema unatosha. Anakubali. Kisha inapigwa simu, kutoka kwa mke wa Sekine. Keiko anakwenda kumwona huko pembezoni mwa mji, kwenye uwanja mtupu usio na hata mti, watoto wakicheza hapo karibu, na yule mama anamweleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi kwamba mumewe ana tabia hiyo, huwadanganya wanawake kwamba atawaoa. Si tapeli wa pesa. Anapenda tu kuwa, kwa siku chache, mwanamume mwingine. Dakika zile ni miongoni mwa za kusikitisha zaidi nilizowahi kuona kwenye sinema, na hakuna anayelia. Wanawake wawili wamesimama, mmoja anamwonea mwenzake huruma, na hujui ni yupi.

Usiku ule Keiko analewa, na Fujisaki, mtu wa benki ambaye moyoni amempenda muda mrefu, anampeleka nyumbani. Kinachotokea Naruse anakipitisha haraka, na mimi sitakiita mapenzi kwa urahisi. Mwanzo Keiko anakataa, na Fujisaki hasikii. Asubuhi Keiko ana furaha kama msichana. Fujisaki anamwambia amehamishiwa Osaka, anakwenda na familia yake, hawezi kuivunja. Anamwachia hisa za kampuni kwenye bahasha.

Anapotoka tu, Komatsu anaingia. Amemwona akitoka. Anampiga Keiko kofi.

Nilirudia pale mara tatu. Kofi la mpenzi aliyesalitiwa lingeeleweka, ingawa halisameheki, lakini Komatsu hakuwa mpenzi wake. Ahadi ya ile barua hakupewa yeye, alipewa maiti. Anampiga kama mtu aliyeibiwa. Miaka yote ile alikuwa akiweka heshima yake kwa Keiko kama akiba, na sasa benki imefungwa. Kisha anageuka palepale anamwomba amwoe! Keiko anakataa, bila kelele. Na Komatsu anaondoka kwenye maisha yake akiwa na uhakika, naamini, kwamba yeye ndiye aliyeumizwa.

Ningependa kukwambia kwamba nilimchukia Komatsu. Ukweli ni kwamba nilimtambua. Nilimkumbuka kijana fulani aliyekuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, ambaye shangazi yake alikuja siku ya wazazi amevaa vizuri kuliko akina mama wengine wote, kucha nyekundu, manukato yanamtangulia kwenye korido. Wenzake walipouliza ni nani, kijana alisema ni rafiki wa mamake. Alimpenda yule shangazi. Alimpenda kwa sharti. Akiwa nyumbani, na leso kiunoni, akipika chapati za Krismasi, alikuwa mtu wake. Kijana huyo akakua, akapewa kalamu na kamati ya mazishi, akaandika "mfanyabiashara".

Kwenye filamu kuna kifo pia. Yuri, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Keiko, ametoka na kufungua baa yake mwenyewe, na kwa nje amefanikiwa. Kumbe madeni yamemfika shingoni. Anapanga kujifanya amejaribu kujiua ili wadai wamhurumie na kumpa muda, na mpango unamshinda. Anakufa kweli. Keiko anakwenda kuhani nyumbani kwa mama yake Yuri, na msiba ukiwa bado mbichi, anafika mtu kudai pesa, ametumwa na mteja mkubwa aliyekuwa akimdhamini marehemu, yule aliyekuwa akicheka naye juzi mezani. Keiko analipuka kwa hasira. Ni mahali pachache kwenye filamu ambapo lile tabasamu la kazi linaondoka usoni pake.

Mdai yule nilimwona mnyama. Lakini nikajiuliza: kati yake na mzee wa kamati yetu, nani alimwona marehemu zaidi? Mdai angalau alikubali kwamba Yuri aliendesha baa. Alikuja na hesabu yake, mbaya, ya kikatili, lakini ni hesabu ya maisha aliyoyaishi. Sisi tulimfuta mtu wetu kwa upole, kwa maombi, kwa wimbo wa kwaya. Wanawake wanne waliofanya kazi na shangazi walikuja mazishini kwa matatu, wakaketi viti vya nyuma kabisa, chini ya mwembe, nje ya hema. Hakuna aliyewaambia waketi kule. Nilipokuwa nasoma wasifu nikafika kwenye neno lile, niliinua macho, mmoja wao alikuwa ananitazama. Hakukasirika. Alitabasamu kidogo. Wakati huo niliona ni tabasamu la kukubali.

Stara ni kitu kizuri, sitaki kuibeza. Watu wa pwani wana neno hilo kwa sababu nzuri: kuna mambo ambayo mtu huyafunika kwa kumhurumia mwenzake. Lakini sijui tena kama unaweza kumstiri mtu kwa kitu ambacho yeye hakukifunika. Shangazi hakuwahi kusema yeye ni mfanyabiashara. Ukimuuliza kazi alijibu, "Niko baa," kama mwingine anavyojibu niko benki. Aibu ilikuwa yetu, tukamvika yeye.

Rafiki yangu yule wa "si alichagua" tuligombana zaidi kuhusu stesheni. Fujisaki na familia yake wanaondoka kwa treni. Keiko anafika, nadhifu, anamsalimia mke kwa adabu zote, na kumkabidhi ile bahasha ya hisa, mbele ya mumewe. Halafu anaaga na kushuka. Rafiki yangu anasema ni ujinga. Pesa zile alizihitaji, mtoto wa kaka anangoja upasuaji, na mumewe wa mtu ameshafanya alichofanya; kurudisha hisa kunamfaidi nani? Kisha anaongeza, na hapa alinibana, kwamba ni ukatili pia, kumtupia yule mke bahasha ambayo atakaa nayo safari nzima hadi Osaka akihesabu maana yake.

Yote mawili ni kweli, na bado naona alifanya sawa. Simtetei kwa kusema aliilinda heshima yake, maana tumeshaona heshima ni ya nani. Angezichukua zile hisa, ule usiku ungekuwa umelipiwa, na Fujisaki angekuwa mtu asiyedaiwa. Keiko hana cha kumfanya mtu yule. Hawezi kumshtaki, hawezi kumzuia, hawezi hata kumkaripia. Anachoweza ni kukataa kumpa risiti. Kwa gharama kubwa, ndiyo, na sehemu ya gharama ile inamwangukia mwanamke mwingine asiye na kosa. Sijui namna ya kuisafisha sehemu hiyo, na Naruse pia hakujaribu.

Hideko Takamine ndiye aliyecheza Keiko. Alianza kuigiza akiwa mtoto wa miaka mitano, mwaka wa 1929, na alifanya filamu 17 na Naruse. Kwenye hii hata mavazi ni yeye aliyeyachagua. Namtaja kwa sababu mwisho wa filamu unategemea uso wake peke yake. Ni jioni. Baridi imeingia. Keiko anazifikia zile ngazi, miguu inapanda, mlango unafunguka, na uso wake unageuka kuwa tabasamu huku akiwakaribisha wateja. Nimesoma watu wakiliita tabasamu la ushindi, wengine la kushindwa. Mimi naliona ni la mtu anayeingia kazini.

Mwezi uliopita nilimtafuta mmoja wa wale wanawake wanne. Ana duka la mtumba sasa. Nilimwambia kuhusu lile neno, nikamwomba msamaha kwa niaba ya, sijui, kwa niaba ya kalamu. Alinisikiliza akikunja suruali za watoto, moja baada ya nyingine, kisha akaniuliza kama najua kwamba shangazi alikuwa ameweka kijitabu cha majina ya wateja wote wenye madeni, kwa mpangilio wa herufi, miaka kumi na minane, na kwamba hakuna aliyewahi kumtoroka zaidi ya wawili. Nilisema sikujua. Akasema kiko kwake, nikitaka nije Jumapili nikichukue, ila nisije asubuhi, asubuhi analala.